Kongosho: Neno Alilotuachia Afande Nambozo

Jamani, akili yangu bado inakataa. Jumamosi tumemzika Nambozo kwao Busiu, na leo asubuhi nimeshika simu nimpigie kumuuliza kama amekunywa chai.

Kwa wasiomjua: tulikuwa askari magereza pamoja Jinja, duty moja, geti moja, miaka mingi. Mimi mvivu wa kuamka, yeye sauti ya kuamsha kambi nzima.

Kwenye gwaride ukiitika kinyonge alikurudishia: "Wewe umekufa? Itika kama mtu hai!"

Alipoanza kukonda tulimtania kwamba amepata mchumba. Halafu mgongo ukamuuma, macho yakawa ya manjano. Utani ukaisha.

Nikamsindikiza hospitali Mbale. Daktari akasema ni kansa ya kongosho. Nambozo akanigeukia: "Kongo-nini? Hiyo ni yangu au ya ng'ombe?" Banange, hata daktari alicheka.

Kisha daktari akauliza kama kwao kuna mwingine aliyeugua hivyo. Nambozo akahesabu kwa vidole. Baba yake. Halafu kaka yake. Macho yale yale, mgongo ule ule.

Nyumbani wote walisema ni sumu ya mzee jirani, waliyegombana naye kwa mpaka wa shamba. Tangu baba azikwe hawakumsalimia tena. Kumbe kitu kilikuwa kwenye damu. Daktari alieleza kwamba si kila mtoto hurithi, lakini waliobaki wapimwe na wafuatiliwe mapema.

Akiwa amebaki mifupa, aliniambia nimpeleke kwa yule mzee. Tulimbana kwenye boda, katikati yangu na dereva. Alipiga magoti. "Baba, tulikusingizia. Tusamehe." Mzee alilia sana. Mimi nilishika mkoba tu, nimechoka hata machozi hayaji.

Amebaki mdogo wake, Khainza. Huyo alikataa katakata kupimwa. "Mkitafuta ugonjwa mtaupata. Niacheni!" Nambozo alibembeleza, akagomba, akalia. Hakuogopa kufa kwake. Aliogopa kwa ajili ya Khainza.

Akanishika mkono: "Siku ya kunizika, wakiuliza mrithi ni nani, simama wewe. Waambie nini tunarithi. Na usiseme kinyonge."

Basi nilisimama. Nikalitamka kongosho mbele ya ukoo mzima na mchungaji. Watu wakaguna. Mjomba mmoja akaniamuru nikae. Yule mzee jirani akasema, "Mwacheni aseme." Nikasema yote. Khainza akainuka, akaenda zake bila kuniangalia.

Nilirudi Jinja nimevunjika moyo kabisa. Yaani kuzika rafiki halafu kuonekana mchawi, inachosha jamani.

Jana Khainza akanipigia. "Dada, twende basi. Lakini usiniache peke yangu huko."

Haya naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, Mbale. Khainza yuko kando yangu. Watatuambia nini, hatujui. Usingizi sina, nguvu sina, lakini tumefika.

Nesi ameita jina lake sasa hivi. Ameitika mpaka watu wote wamegeuka.

Umesikia, Afande? Ameitika kama mtu hai. Sasa wewe lala salama, mama. Geti nimelipokea.