Sauti Namba Saba

Watu walisema masjala ndiyo iliyomlea. Alikuwa ametunza majalada ya ofisi moja kwa miaka ishirini na sita, na hata nyumbani kwake hakukuwa na kijiko kilicholala pasipo pake. Majirani walimwita Bi Jalada, naye aliitika bila kinyongo.

Jumamosi moja asubuhi mdogo wake, fundi wa majokofu, alifika na flashi katika mfuko wa shati. Mama yao alikuwa amefariki miezi minne nyuma, na kila mmoja alikuwa na folda iitwayo "Mama": maneno yake ya siku za mwisho, waliyoyarekodi kwa simu zao kando ya kitanda. Walitaka folda mbili ziwe moja, kila mtu awe na rekodi zote.

"Nakili, bandika, tunywe chai," fundi alisema, akajivutia kiti mbele ya kompyuta.

Akabandika. Kompyuta ikauliza kama faili zilizokuwepo zibadilishwe kwa mpya. Kidole kilikuwa kimeshaifuata "Ndiyo" dada yake alipomshika mkono.

"Toa mkono, baba."

"Kwani itaniuma?"

"Itatuuma wote. Simu yako imeziita Sauti 1, Sauti 2. Yangu hivyo hivyo. Ukisema ndiyo, zako zinaingia, zangu zinafutwa."

Fundi akaurudisha mkono mapajani kama aliyegusa waya wenye umeme.

Bi Jalada aliighairi kazi yote. Kwanza akanakili kila folda pembeni, ikae bila kuguswa. Kisha akaandika kwenye karatasi: zangu kumi na tisa, zake ishirini na nne, jumla arobaini na tatu.

"Sasa weka herufi M, ya mdogo, mbele ya jina la kila faili yako. Masjalani barua mbili hazishiki namba moja."

"Wewe hata sukari unaisajili."

"Ndiyo maana hujawahi kuikosa hapa."

Akaenda kuepua chai. Aliporudi, fundi alikuwa amemaliza. Wakabandika tena, na safari hii kompyuta ikauliza juu ya faili moja tu. Bi Jalada akachagua "Ruka", akahesabu. Arobaini na mbili.

"Nimempoteza," fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Hajapotea. Tumeruka, hatukufuta. Bado yumo kwenye flashi yako." Akaitafuta. Ilikuwa Sauti 7, haina M. "Hii mbona uliiacha?"

Fundi alitazama meza. "Niliifungua nisikilize kidogo. Mikono ikagoma kuandika."

Dada yake hakumtania. Aliiandikia M yeye mwenyewe, akabandika, akahesabu mara mbili: arobaini na tatu. Kisha akaifungua.

"Mwache dada yako na mpangilio wake," Mama alisema, akakohoa. "Ulipougua ukiwa mdogo, yeye ndiye aliyeandika saa za dawa zako ukutani kwa mkaa. Hakukosea hata moja."

Bi Jalada hakuwahi kuisikia hiyo. Akafungua Sauti 7 yake mwenyewe, ile ambayo ingefutwa.

"Nyamaza kwanza," Mama alisema. "Hivyo vinavyolia ni viatu vya mdogo wako. Mfungulie mlango kabla hajabisha."

Chini ya meza, fundi alisogeza miguu taratibu, na viatu vikalia.