Ufunguo wa Choo cha Walimu

Siku niliyoanza kazi, katika zahanati moja ya wilaya ya Manyoni, hakuna aliyenionyesha mgonjwa. Mganga Mfawidhi, yaani yule anayesimamia zahanati na kuwajibika kwa kila kilichomo, alinipa ufunguo wa kabati la dawa, akanitazama ninavyoushika.

"Sista Zainabu, huu haukai mezani, haukai kwenye droo, wala humpi mtu akushikie. Unakaa wapi?"

"Mfukoni, Mganga."

"Hata ukienda kula?"

"Hata nikienda kula."

Akaridhika, akaniambia sasa nikafagie. Nimefanya uuguzi zaidi ya miaka thelathini na somo lile sikulisahau hata siku moja. Wenzangu walinicheka wakisema ninalala na funguo. Nawaeleza haya mapema kwa sababu kosa kubwa la maisha yangu ya kazi lilitokana na kulishika somo hilo vizuri mno.

Kutoka Manyoni nilihamishiwa upande wa Mgori, na huko ndiko nilikoanza kupangwa kwenye tamasha la kwaya. Vijana wa sasa mkisikia tamasha mnafikiria taa, jukwaa kubwa na vile vinywaji vya kopo vya kutia nguvu. Letu lilikuwa uwanja wa shule nje ya mji wa Singida, spika mbili, na kwaya zilizofika juu ya malori na magodoro yao. Kwa siku nne watu waliimba kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama, wakalala madarasani, kesho yake wakaanza tena. Mimi ni Mwislamu na sikujua wimbo hata mmoja. Nilipomweleza hivyo Mganga Mkuu wa Wilaya, akanijibu kwamba aliomba muuguzi, hakuomba mwimbaji.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha wanafika siku ya nne wakiwa wamesimama. Asubuhi tuliwapa uji wa uwele wenye karanga, saa nzima kabla ya kuimba, kwa sababu tumbo lililojaa linabana pumzi. Ugali wa kushiba tuliuacha mpaka jioni. Kila kwaya iliyoshuka jukwaani ilikaa kivulini na kuweka miguu juu ya godoro lililokunjwa, maana ukisimama muda mrefu damu inajikusanya miguuni na kichwa kinabaki chepesi. Maji ya chumvi na sukari niliyachanganya mwenyewe: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Ukizidisha chumvi unamdhuru mtu, kwa hiyo sikumwachia mwingine kijiko.

Kigumu kilikuwa kuwafanya wanywe. Upepo wa Singida unakausha jasho kabla hujaliona, na mtu anaweza kushinda juani akaapa kwamba hakutoka jasho. Sisi tulikuwa tunafinya ngozi ya mkono kidogo na kuiachia. Ikirudi mara moja, mwili una maji; ikichelewa, umekauka. Siku ya pili ngozi za wanaume zilirudi vizuri. Za akina mama zilichelewa. Walipokea kikombe, wakasema asante, na nikigeuka wanamwaga.

Nikaandika kwenye daftari la taarifa kwamba wanawake ni wabishi. Nilipigia mstari neno wabishi.

Mbishi kuliko wote machoni pangu alikuwa Mama Elia, kiongozi wa sauti katika kwaya iliyotoka Mtinko. Alikuwa na umri wa mama yangu mdogo, mwembamba, na akiimba wapita njia wa barabarani walisimama. Alikuwa ndani ya kwaya ile tangu usichana wake, na mwaka huo kwa mara ya kwanza walipewa heshima ya kuimba wimbo wa kufunga tamasha, mchana wa siku ya nne. Sehemu ya kuongoza aliijua yeye tu. Akikosekana yeye, wimbo haupo.

Jioni ya siku ya pili nilimsimamia na kikombe.

"Shikamoo mama. Kunywa nikuone."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo, nitakunywa."

"Hapana mama. Sasa hivi."

Akanywa yote huku ananitazama. Siku ya tatu akawa ananikwepa. Akiniona na ndoo anazunguka nyuma ya lori. Kabla ya saa sita mchana akaanguka katikati ya mstari, wimbo ukakatika.

Tulimbeba mpaka darasa la tano, ambalo tulikuwa tumelifanya wodi, tukamwekea dripu. Mganga Mfawidhi wa kule Mgori, mzee mpole asiyependa kelele, alimpima presha, kisha akachukua daftari langu, akasoma, akalifunga taratibu.

"Sista, mgonjwa akikataa dawa humwandiki mbishi. Unamwuliza anaogopa nini. Umemwuliza?"

"Bado, Mganga."

"Basi mimi natoka nje."

Mama Elia alipopata nguvu nikamwuliza. Akasema kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu mle ndani.

"Mwanangu, choo cha hapa umekiona?"

Sikuwa nimekiona. Akanieleza kwamba vyoo vya wanafunzi havikuwa na milango, na njia ya kwenda huko ilikatiza mbele ya meza ya waamuzi. Mmoja wa waamuzi alikuwa baba mkwe wake.

"Nipite mbele ya baba mkwe, na sare hii, uwanja wote unajua ninakokwenda? Na kutoka kwenye mstari lazima umwombe ruhusa mwalimu wa kwaya mbele ya wanaume. Sisi akina mama tulikubaliana tangu siku ya kwanza. Tunalowesha ulimi tu, tunasubiri giza. Ile jioni uliyoninywesha niliteseka sana. Lakini sikukukasirikia. Ulikuwa hujui."

Nilikuwa nimekaa kando ya godoro lake, na ufunguo ulikuwa unanichoma pajani. Siku ya kwanza Mwalimu Mkuu wa shule alinikabidhi ufunguo wa choo cha walimu, umefungwa kitambaa chekundu, kwa matumizi ya wahudumu wa afya. Choo chenye mlango na komeo, nyuma ya ofisi, mbali na uwanja. Nikautia mfukoni kama nilivyofundishwa, nikautunza kama wa kabati la dawa. Kwa siku tatu nilikwenda huko peke yangu, na kila nilipotoka nilifunga. Niliona aibu ambayo sijaiona tena.

"Mama, nitawatafutia choo," nikamwambia.

Nikatoka, nikazunguka ofisi mara moja, nikarudi na ufunguo mkononi kana kwamba nimetoka kuuomba.

Mganga Mfawidhi alikuwa ametoa sharti. "Anywe, na akojoe. Kesho asubuhi nionyeshe mkojo wake. Ukiwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, hapandi jukwaani, hata Mkuu wa Wilaya aje kuniomba."

Nilitundika ufunguo kwenye msumari wa mlango wa darasa la tano. Akina mama wakaanza kwenda wawili wawili, khanga mabegani, bila kumwomba mtu yeyote ruhusa wala kupita mbele ya mkwe. Ndoo iliyokuwa inashinda imejaa nikaijaza upya mara nne. Mama Elia nilimshika mkono mimi mwenyewe, kwenda na kurudi. Asubuhi Mganga akainua kikopo kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, akasema, "Apande."

Alipanda. Aliongoza wimbo wote akiwa wima, na mimi nililia, nikajisingizia vumbi.

Mganga Mfawidhi aliandika barua kwenda wilayani kwamba Sista Zainabu amegundua chanzo cha wanawake kuzimia. Kwa barua ile nilihamishiwa mjini, nikawa msimamizi wa huduma ya kwanza kwenye kila tamasha. Nilisifiwa sana kwa mtindo wangu wa kukagua vyoo kabla ya kufungua sanduku la dawa. Nimewafundisha wauguzi wengi mtindo huo. Ufunguo sikumtajia mtu.

Nilipostaafu, wenzangu walinifanyia chai nyumbani kwangu. Mama Elia alifika kutoka Mtinko, na fimbo, na jogoo ndani ya kikapu. Wageni walipopungua nikakaa karibu naye.

"Mama, ule ufunguo nilikuwa nao tangu siku ya kwanza. Sikuuomba kwa mtu."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Kitambaa chekundu kilikuwa kinaning'inia mfukoni mwako. Unakwenda kule nyuma, unarudi. Tulikuwa tunakuona wote."

Nilishindwa kumtazama. "Sasa mbona hamkuniomba?"

"Ungetuuliza wa nini, mbele za watu. Tukasema tungoje. Yule binti naye ni mwanamke, atakumbuka."

Alisema hivyo bila ukali, akaomba maji. Nikainuka kumletea. Kabla hajapokea kikombe nikamwonyesha mlango wa choo, palepale karibu, umeachwa wazi. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka, kisha akanywa maji yote.