Sharti la Bwana Gharib

Watu wa Kibarani wakikutajia Kahonzi wa Menza, watakwambia ni yule mwanamke aliyeitangaza mimba yake mbele ya wanaume. Wengine wataongeza upuuzi wao. Mimi Zuleikha nilipiga naye pasi miaka mingi katika hoteli moja ya Bofa, na siku ile nilikuwa nimeketi ubavuni pake, kwa hiyo nisikilizeni mimi. Asiyetaka na aende zake.

Kahonzi alikuwa mtu wa maneno machache. Huingia, shikamoo dada, akachukua pasi. Nilikuwa nikimtania kwamba Mjerumani akilalia shuka zake hatataka kurudi kwao, naye hucheka kidogo tu. Mwanawe wa kwanza, Kambi, ilibidi amwachie mavyaa wake, mama wa mumewe, angali wa miezi miwili, kwani sheria ilitoa miezi miwili tu ya uzazi, na ukiichukua hiyo, likizo yako ya mwaka ndiyo imekwenda. Mtoto akaukataa uji, akaharisha, akafa mamake yuko kazini. Habari ilimkuta ameshika pasi. Tangu hapo alikuwa na neno moja tu: wangetupa angalau mwezi mmoja zaidi.

Basi mwaka wa themanini na tano tukalishika neno lake. Tulimwita mtu wa chama cha wafanyakazi kutoka Mombasa, kijana mmoja msemaji aitwaye Mahadhi, tukamwambia tunataka miezi mitatu yenye mshahara, na likizo ya mwaka isiguswe. Akaenda akarudi, akaenda akarudi, mpaka watu wa feri ya kuvukia huku kwetu wakamjua kwa jina. Mwenye hoteli, Mzungu, mambo yote alimwachia Bwana Gharib, afisa wa wafanyakazi. Na Gharib ndiye niliyemwogopa, maana si mgeni yule. Ni mtu wa Malindi, kazaliwa Malindi, mila zetu kalelewa nazo.

Kikao cha mwisho kilifanywa kwenye ukumbi wa chakula, wageni walipokwisha kula. Gharib akaanza kwa upole. Likizo ya mwaka tusahau, akasema. Mwezi wa tatu atautoa, ila kwa sharti moja: mwanamke aje ofisini aseme ana mimba ingali changa, ili hoteli ipate kutafuta mtu wa kushika nafasi yake. Mahadhi akafurahi, akaona jambo limekwisha. Masikini, alikuwa hajaoa.

Sisi wanawake tulitazamana. Nani kwetu husema mimba changa? Mswahili hasemi, Mgiriama hasemi. Mumeo ajua, mavyaa wako ajua kwa macho yake, basi. Ukiulizwa, wasema una homa. Tumbo lenyewe ndilo litakalosema wakati wake. Ukiitaja mapema umeiita husuda, na ikiharibika hupewi pole, waambiwa umejitakia.

Gharib alilijua hilo fika. Akaegemea kiti, akasema sharti lisilo na wa kulitimiza si sharti. Kwa hiyo kama yuko hapa mwanamke mmoja mwenye mimba changa, asimame aseme, naye atakubali leo hii. Kama hayuko, tusimpotezee wakati. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakaniwaka. Alikuwa ametufunga kwa kamba yetu wenyewe.

Kahonzi alikuwa nayo. Hakuniambia, lakini siku zile harufu ya wanga wa kutilia shuka ilikuwa ikimtoa nje mbio. Na mimba yake iliyotangulia iliharibika baada ya mwanamke mmoja kumpongeza kwa sauti pale sokoni, na mavyaa wake aliapa kwamba safari hii hata jirani hatajua. Nikamshika mkono chini ya meza, nikamnong'oneza atulie. Akisema akaipoteza, niliwaza, hatapona huyu. Asiposema, mtoto ataachwa wa miezi miwili tu, kama Kambi.

Gharib akaanza kukusanya karatasi zake. Kahonzi akauchomoa mkono wake mkononi mwangu, akasimama.

"Mimi ninayo," akasema. "Ingali changa."

Mahadhi akapiga makofi peke yake, kisha akaacha. Wenzetu wawili wakavuta viti vyao mbali na Kahonzi, nami sijawasamehe mpaka leo. Makubaliano yakaandikwa, ila Gharib akasema sahihi yake ingoje mwenye hoteli arudi kutoka Ulaya.

Tukangoja. Nyumbani mavyaa wake alikuwa hasemi naye. Kazini hatukumwacha ainue hata kikapu, na kila alipojishika kiuno moyo ulinipasuka. Mimba haikukaa. Daktari alisema hutokea hivyo, si kosa la mtu, lakini Kibarani hawakuwa na masikio ya daktari.

Na Gharib, Mungu anamwona, akatuita wiki iyo hiyo. Asubuhi nilipita kwa Kahonzi kumjulia hali nikamwambia tumeitwa, wala sikudhani angeinuka kitandani. Gharib akatoa pole ndefu, na aya ndani yake. Kisha akasema kwamba Mzungu sasa amerudi, lakini kwa kuwa mwenye mimba hana tena mimba, jambo lenyewe limeondoka. Tungoje mwakani.

Mlango ukafunguliwa. Kahonzi alikuwa amejikaza leso tumboni, uso umemparama, mumewe Menza kamshika kiwiko. Hakuketi.

"Bwana Gharib, ulitaka mtu aseme. Nimesema," alimwambia. "Hukusema nizae."

Gharib alimtazama, akaisoma upya karatasi ya makubaliano: sharti lilikuwa kusema tu. Akatia sahihi. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajikuta nalia tu.

Wa kwanza kuipata miezi mitatu alikuwa Monicah wa jikoni. Kahonzi hakumwonea kijicho. Alimpelekea kuku na unga, akampakata mtoto mpaka jua likapinda. Mwaka uliofuata akanijia asubuhi moja, akaniomba nimsindikize ofisini. Nikamwuliza kwani ataka kusema tena, baada ya yote yale? Akanijibu kwamba mwezi ule aliununua ghali, hawezi kuuacha. Nikabaki nje ya mlango, nikimwomba Mola. Nikamsikia akimwamkia Gharib kwa heshima zote, kisha akamwambia ana mimba.

Jefwa alizaliwa mzima. Miezi mitatu yote mamake alikuwa naye nyumbani, na pasi yake niliishika mimi.