Mwanangu Ana Kazi Nne, Mkutano Unataka Moja

Ndugu Mhariri, naomba jina langu ulifunike. Kijiji nacho kitaje kwa juu juu tu: huku milimani Lushoto, njia ya kwenda Mlola. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu marahaba.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, shule niliishia darasa la nne misheni. Nina watoto watano na wote wazuri, lakini huyu wa mwisho, ambaye nitamwita Hoza ingawa silo jina lake, Mungu alimuumba akiwa ametulia. Sisemi kwa sababu ni wangu. Ana miaka ishirini na sita. Ukimwita kwenye harusi atakupambia kuta za nyumba kwa udongo mwekundu na majivu mpaka wapita njia wasimame. Wimbo wa kumpokea bibi harusi anautunga yeye, kwaya anaifundisha yeye. Picha anapiga yeye, kwa kamera aliyoachiwa na mzee mmoja wa misheni. Hata kigoda atakachokalia bibi harusi kakichonga yeye. Na yale maneno makubwa ya Chama kwenye ukuta wa duka la ushirika, wasomaji, ni mkono wa mwanangu.

Sasa hofu yangu ni hii. Kijiji chetu kimekuwa cha ujamaa, na Katibu wa Chama ametangaza kwamba maharage yakishavunwa, kila kijana atasimama mkutanoni aseme kazi yake, moja. Asiye nayo ni mzururaji, ni kupe, atapanda lori kwenda kukata mkonge huko chini. Kijiji cha jirani wameshafanya. Mtoto wa rafiki yangu alisema yeye ni fundi cherehani, kumbe anajua vifungo tu. Wakamletea cherehani pale pale mbele ya watu, wakampa na kitambaa. Akapanda lori. Amerudi jicho moja limechomwa na mwiba wa mkonge. Nilimpa uji nikashindwa kumtazama.

Nikamwendea Katibu, nikamweleza sifa za mwanangu moja baada ya nyingine. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mama, hizo ni karama. Mimi nauliza kazi."

Nikamwambia ni fundi.

"Fundi wa nini?"

Nikaanza upya: kuta, nyimbo, picha, vigoda. Mgambo waliokuwa mlangoni wakacheka, mmoja akasema mgosi huyo, bwana huyo, ni fundi wa kila kitu, yaani si wa chochote. Nikarudi nyumbani.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni seremala, amekubali kumkingia kifua: Hoza aseme wanafanya kazi pamoja. Lakini kigoda huchongwa kwenye gogo moja, hakiungwi. Kuunga mlango mwanangu hajui. Wakimwekea mbao na randa mkutanoni, amekwisha. Na wakimwamini, ataingizwa karakana ya kijiji, madawati asubuhi mpaka jioni, rangi na nyimbo ndiyo basi tena.

Alikwenda kwa baba yake mdogo kujifunza siku moja tu. Akarudi, akakaa jikoni kwangu, akaniambia taratibu, "Mama, mimi sina kazi nne. Nina moja. Mtu ananiletea siku yake kubwa, naifanya watu wasiisahau. Ila haina jina. Wewe unayenisifu kila mahali, ukiulizwa mwanao ni nani, unasemaje?"

Mimi ambaye hata kisimani wananiambia nipunguze sifa, nikaendelea kusonga ugali.

Tangu hapo nikisikia lori linapanda kona, natoka mlangoni kutazama, hata likiwa lile la mbao za Shume.

Wasomaji mliosoma kunizidi, kama kazi ya mwanangu ina jina huko kwenu, niandikieni jina hilo. Kama halipo, nishaurini: nimlazimishe aseme seremala, au nimwache asimame na ukweli wake, lori likiwa limesimama pale? Mashamba ya wenzangu, maganda ya maharage yameshaanza kukauka. Mimi ya kwangu bado nayamwagilia maji, eti yakawie. Nifanye nini?