Kalenda ya Chooni kwa Shangazi

Mjinga ni mimi. Nilitoka mtaani kwetu Kianda hadi Uholanzi kuona mji alikozaliwa marehemu baba yangu. Kwa shangazi, dada yake, nikaingia choo na kukuta kalenda ukutani yenye majina ya familia nzima, hata la baba. Chooni! Nikaichana, nikaitupa kwenye pipa la jikoni, kisha nikampigia mama nikifoka.

"Mama, hawa watu wanamdharau baba!"

"Wewe! Kwao kalenda ya siku za kuzaliwa, ile ya miaka yote, huwekwa chooni, ndio mtu azione kila siku asisahau. Kwani hukuona jina lako?"

Nikarudi mbio jikoni. Shangazi alikuwa ameshaokota vipande, anaviunganisha mezani. Hakunigombeza. Alinisukumia kimoja tu: jina langu, kwa mwandiko wa baba.