Nilimwambia Daktari ni Wiki Mbili

Admin, nifichie jina, mume wangu naye anausoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Kaole. Nimeolewa na fundi ujenzi aliyefiwa na mkewe akaachiwa binti, sasa ana miaka saba. Siku ya ndoa aliniambia mbele ya shangazi yake, "Mwanangu hana mama. Siku nikijua umemfanyia ukambo, talaka yako hiyo." Nikakubali.

Kazi zake ziko Dar, anarudi Ijumaa, kwa hiyo kulea nalea mimi. Kwetu mtoto wa kike akiitwa huitika "Abee". Huyu namwita mara tatu, kimya, kanipa mgongo anachezea vifuu. Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nikasema ni kiburi, kafundwa na bibi yake wa Miono asinihesabu. Nikawa namfinya masikio huku namwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku nyingine nilimnyima chakula mpaka aitike.

Mwalimu wake akaniletea karatasi, "Mama, mpeleke hospitali wakampime masikio, darasani hanisikii." Nikaona naye kadanganywa na kitoto. Ile karatasi niliwashia jiko la mkaa. Ni miezi tisa sasa.

Mwezi uliopita baba yake akiwa nyumbani, bodaboda ilipiga honi nyuma ya mtoto na hakugeuka. Dereva aliikwepesha akaanguka yeye. Baba akatubeba wote hospitali siku ileile.

Daktari alichungulia masikio yote mawili. "Nyuma ya ngoma ya sikio kuna majimaji mazito. Hayamuumi, lakini yanaziba sauti. Hali hii ameanza lini?"

Mume wangu akanitazama, maana mimi ndiye nakaa naye.

"Wiki mbili hivi," nikasema.

"Basi tusikimbilie upasuaji. Mara nyingi hukauka yenyewe. Mrudisheni baada ya miezi mitatu. Angekuwa na muda mrefu ningemwandikia leo aende Dar wakamwekee vijibomba vya kutoa hayo maji."

Mume wangu akashukuru Mungu. Mimi nilitoka pale nikijua nilichokifanya. Mtoto kabakishwa kiziwi kwa ulimi wangu, na shule anazidi kuachwa.

Tangu siku hiyo sijamgusa, wallahi. Najaribu kumkalia mbele nimsemeshe taratibu. Lakini juzi tulikuwa tunachambua mchele, mimi nikapiga mwayo tu. Aliona mdomo wangu umefunguka, akaruka akasimama, "Abee, mama! Abee!" Mikono yote miwili ameshaziba masikio. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa.

Ijumaa mume wangu anarudi. Nikisema ukweli, mtoto atatibiwa na mimi nitafungasha virago. Nikinyamaza, ndoa yangu inabaki, na yeye ataendelea kuitika asichokisikia. Ndugu zangu, msinitukane kwanza, niambieni Ijumaa nianzie wapi.