Tone Moja Juu ya Kigae

Mtaa mzima ulimwita Mama Kuvu, naye wala hakununa. Kazi yake chuoni ilikuwa kuzitambua likeni, ule utandu wa rangi unaoota juu ya mawe na mapaa, kuvu na mwani wakiishi kwa ubia. Ukifuatana naye barabarani utajuta; kila ukuta lazima asimame aukodolee macho.

Mumewe alikuwa fundi wa mapaa. Wiki iliyopita, juu kabisa ya ghala kuukuu, aliona likeni ya njano kali kama kiini cha yai, kingo zake zimechanuka kama majani madogo. Akapanda kumchukulia mkewe. Akashuka na kigae kilichoota likeni hiyo mkononi, kweli, ila hakushuka kwa ngazi. Jamani! Sasa mguu mzima uko kwenye plasta.

"Lakini ni ngeni, sivyo?" aliuliza kila asubuhi kutoka kitandani. "Niambie sikuanguka bure."

Mama Kuvu alikuwa akikwepa. Kwa macho ilifanana na ile jamii ya njano ambayo haijawahi kuonekana huku. Lakini macho hudanganya. Kipimo ni tone la magadi makali: ile ngeni haibadiliki, ile ya kawaida, nayo ya njano, iliyojaa kila ukuta, hugeuka nyekundu papo hapo. Leo akasema liwalo na liwe. Akaleta kigae na chupa mpaka kando ya kitanda. Uongo hautaki, hata wa kumbembeleza mgonjwa.

Akadondosha. Nyekundu!

"Enhe?" mume akauliza.

"Ni ile ya kawaida, baba watoto. Hata kwenye tangi letu la maji ipo." Machozi yakamlengalenga. "Nisamehe."

Fundi akautazama mguu wake. "Yaani ningeibandua hapo nje nimevaa malapa?"

"Na malapa yako."

Kicheko kikamtoka mpaka mbavu zikamuuma. "Sikiliza, mke wangu. Ng'ambo ya paa lile kuna nyingine, imepauka kidogo. Sikuifikia. Nikipona tu..."

"Hupandi tena, wewe."

"Sasa atapanda nani?"

Kesho yake wapita njia walisimama midomo wazi. Mama Kuvu alikuwa juu ya ghala, kamba kiunoni, mafundi wanaofanya kazi na mumewe wameishika barabara. Chini, mumewe kitini, plasta mbele, anafoka mpaka sauti inamkauka: "Mguu wa kushoto kwanza! Usitazame chini! Polepole, mama, sina mwingine!"

Mama Kuvu akazidi kupanda.